Mstari wa Chini wa Skrini: Namna ya Kusoma Hali ya Teminali ya Kompyuta Kuu

Mtu anapoanza kazi katika benki, shirika la bima, kampuni ya ndege au ofisi yoyote ambayo kumbukumbu zake hutunzwa na kompyuta kuu, mara nyingi hukabidhiwa dirisha jeusi lenye maandishi ya kijani, akafundishwa skrini ya kutafutia akaunti, kitufe cha kuhifadhi na kitufe cha kurudi nyuma. Kinachosahauliwa katika mafunzo hayo ni mstari mwembamba ulio chini kabisa ya dirisha, wenye vijialama, herufi chache na nambari mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju. Kisha herufi X hujitokeza katika mstari huo, kibodi ikakataa kuandika, na watu wakaanza kusema kwamba mfumo umeganda. Mmoja hufunga dirisha, mwingine hubonyeza kila kitufe anachokiona, na wa tatu, ambaye kosa lake ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote, hurudia kutuma muamala ambao tayari umekwisha kupokelewa.

Mstari huo kazi yake kubwa ni kueleza zamu. Humwambia mtumiaji kama ameunganishwa na kompyuta kuu, na kama ameunganishwa, zamu ya kutenda ni ya nani kwa wakati huo: yake, au ya kompyuta iliyo upande wa pili. Karibu kila alama inayoonekana pale inaweza kueleweka kwa kuanzia katika maswali hayo mawili.

Maneno ya kuanzia

Kompyuta kuu ni kompyuta kubwa iliyoundwa kuhudumia watumiaji wengi na kushughulikia miamala mingi kwa wakati mmoja bila kusimama. Teminali ilikuwa kifaa chenye skrini na kibodi kilichounganishwa na kompyuta hiyo kwa waya. Peke yake hakikuendesha programu za kazi wala kutunza mafaili. Leo vifaa hivyo vimebaki vichache mno, na nafasi yake imechukuliwa na programu ya kuiga teminali, yaani programu inayofunguliwa katika kompyuta ya kawaida ikajifanya kuwa teminali ile ya zamani, hata kompyuta kuu isione tofauti. Mstari wa hali ni sehemu ya skrini ambayo programu hiyo huitumia kumweleza mtumiaji hali ya teminali yenyewe.

Familia ya teminali inayoigwa zaidi ni IBM 3270, iliyotangazwa mwaka 1971. Katika teminali ya awali ya familia hiyo, 3277, hali ilionyeshwa kwa taa ndogo zilizokuwa kando ya skrini: moja ya kuonyesha kwamba mfumo unapatikana, nyingine ya kuonyesha kwamba uandishi umezuiwa. Teminali ya 3278, iliyokuja baadaye katika muongo huohuo, iliziondoa taa hizo na kuweka mahali pake mstari wa ziada chini ya skrini, uliotengwa na maandishi ya kazi kwa mstari mlalo. Programu za leo, kama x3270 inayotunzwa na Paul Mattes au Personal Communications ya IBM, zimeurithi mstari huo karibu kama ulivyokuwa.

Utengano huo una maana kubwa. Skrini ya kawaida ya 3270, inayojulikana kama modeli ya 2, ina mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja, jumla ya nafasi 1,920. Mstari wa hali huonekana kama wa 25, lakini haumo katika hesabu hiyo. Modeli ya 3 ina mistari 32, modeli ya 4 ina mistari 43, na modeli ya 5 ina mistari 27 yenye nafasi 132; katika zote, mstari wa hali huja baada ya mistari hiyo. Programu za kazi zilizo katika kompyuta kuu haziandiki ndani yake. Kwa hiyo unapoona ujumbe kama «akaunti haikupatikana» katika mistari ya juu yake, msemaji ni programu ya kazi. Unapoona alama katika mstari wa hali, msemaji ni teminali. Watu wengi huchanganya wasemaji hawa wawili, na mchanganyiko huo ndio chanzo cha maswali mengi yanayofikishwa kwa mafundi.

Kwa nini kibodi hufungwa

Ili kuielewa X ni lazima kwanza kuelewa jinsi teminali hizi zinavyozungumza na kompyuta kuu, kwa sababu haziongei kwa namna ambayo watumiaji wa leo wameizoea. Katika mifumo mingi ya kisasa kila herufi unayoibonyeza hupokelewa papo hapo na programu iliyo mbele yako. Teminali ya 3270 haifanyi hivyo. Inafanana na fomu ya karatasi inayopitishwa dirishani kwa karani. Ukiwa na fomu mkononi unaweza kuandika, kufuta, kurudi juu na kushuka chini, na karani hajui lolote kati ya hayo. Siku zote kazi yake huanza pale unapoipitisha fomu, na tangu hapo huwezi kuandika tena mpaka airudishe, kwa sababu fomu haiko mkononi mwako.

Kuipitisha fomu ni kubonyeza kitufe cha Enter, au mojawapo ya vitufe vya kazi PF1 hadi PF24, au PA1 hadi PA3, au Clear. Hivi ndivyo vitufe pekee ambavyo kompyuta kuu huvisikia katika kazi ya kawaida. Mara tu kimojawapo kinapobonyezwa, teminali hujifungia kibodi yenyewe, bila kusubiri kuamriwa. Kompyuta kuu inapomaliza na kutuma skrini mpya, hutanguliza katika ujumbe wake alama ya udhibiti yenye biti moja maalumu, ambayo maana yake ni «rudisha kibodi». Biti hiyo ikiwekwa, X huondoka na mtumiaji hupata zamu yake. Isipowekwa, skrini inaweza kubadilika mbele ya macho yako na kibodi ikabaki imefungwa, kwa sababu programu ya kazi bado inataka kutuma kitu kingine. Kwa kujua hili tu, mtu anaacha kuiona X kuwa dalili ya kuharibika: katika siku ya kazi isiyo na tatizo lolote hutokea na kutoweka mamia ya mara, na mara nyingi hupita upesi hata jicho lisiione.

X na vile vinavyoifuata

Ile X peke yake haitoshi. Maana kamili hutokana na kinachoandikwa mbele yake. Ikifuatwa na umbo dogo la saa, au neno Wait katika programu zisizoweza kuchora saa, maana yake ni kwamba ujumbe wako umeondoka na jibu linasubiriwa. Ikifuatwa na neno SYSTEM, kompyuta kuu imekwisha kuupokea ujumbe au hata kujibu kwa sehemu, lakini haijatoa ruhusa ya kuandika. Mpaka kati ya hali hizi mbili hutofautiana kidogo kutoka programu moja hadi nyingine, ila ujumbe wake kwa mtumiaji ni uleule: zamu si yako, subiri.

Kundi la pili ni tofauti kabisa, na ni muhimu litofautishwe. Ukijaribu kuandika mahali pasiporuhusiwa, X hufuatwa na umbo la mtu mdogo katikati ya mishale miwili, au neno Protected. Skrini ya 3270 imegawanywa katika nyuga, yaani maeneo, ambayo mengine yamelindwa na mengine yako wazi kwa kujazwa. Kila uga hutanguliwa na nafasi moja inayobeba sifa zake, nayo huonekana tupu ijapokuwa haiandikiki. Ndiyo maana mtu anaweza kuweka kielekezi, yaani alama inayoonyesha mahali herufi ijayo itakapoandikwa, nafasi moja tu kushoto ya mahali panapostahili, akaandika herufi ya kwanza na kufungiwa. Ukiandika herufi katika uga unaotaka tarakimu, mtu yule mdogo hufuatwa na NUM, au neno Numeric huonekana. Ukibonyeza kitufe ambacho hakina kazi katika hali uliyomo, utaona alama ya kutoa na herufi f.

Kosa la kundi hili linalosumbua watu kuliko yote ni lile la kujaa, linaloonyeshwa kwa mtu mdogo na alama ya kubwa-kuliko, au neno Overflow. Mtumiaji yuko katika hali ya kuchomeka herufi, hali ambayo mstari wa hali huionyesha kwa kialama kinachofanana na paa dogo upande wa kulia. Anaingia katika uga wenye neno fupi na nafasi tupu nyingi baada yake, anachomeka herufi moja, na teminali inamwambia uga umejaa. Macho yake yanaona nafasi, teminali inakana. Sababu ni kwamba kwa teminali kuna utupu wa aina mbili. Upo utupu halisi, mahali ambapo hapajawahi kuwekwa kitu, na ipo nafasi iliyoandikwa, ambayo ni herufi kamili kama A au B, ila tu haina umbo. Programu nyingi za kazi hujaza uga kwa nafasi zilizoandikwa zinapotuma taarifa, na herufi hizo haziwezi kusukumwa nje ya uga. Dawa ni kubonyeza Reset, kitufe cha kufungua kibodi, kupeleka kielekezi mwishoni mwa neno, kisha kutumia kitufe cha kufuta hadi mwisho wa uga, ambacho huzigeuza nafasi zile kuwa utupu halisi. Programu nyingi zina mpangilio wa kuzichukulia nafasi za mwisho kuwa tupu, na binafsi naona ungestahili kuwashwa kwa kila mtumiaji mpya.

Makosa yote ya kundi hili la pili huanzia na kuishia katika teminali. Kompyuta kuu haijui kwamba umekosea, hakuna kilichotumwa, hakuna kilichoharibika. Kitufe cha Reset kinatosha.

Kundi la tatu hubeba neno na nambari. COMM huhusu mawasiliano. Katika programu za IBM, kwa mfano, COMM657 huonyesha kwamba muunganisho na seva unaanzishwa, na COMM659 kwamba haukufanikiwa; kwa hiyo ya kwanza ikionekana kwa sekunde chache si tatizo, bali ikiganda hapo au kugeuka kuwa ya pili, tatizo liko katika mtandao au katika anwani ya seva. PROG huhusu programu iliyo upande wa pili: teminali imepokea maagizo isiyoweza kuyatekeleza. PROG750 ni amri isiyo halali, PROG752 ni anwani ya skrini isiyo halali, kama vile kuambiwa kuandika katika nafasi ambayo modeli yako ya skrini haina. Mtumiaji hana la kurekebisha hapo zaidi ya kuhakikisha kwamba amechagua modeli sahihi katika mipangilio, kisha kuipeleka nambari hiyo kwa mtaalamu.

Pembe ya kushoto na pembe ya kulia

Kabla ya X, katika pembe ya kushoto, kuna vialama viwili au vitatu vinavyojibu swali la muunganisho. Mara nyingi cha kwanza ni tarakimu 4, urithi wa kifaa cha 3274 kilichokuwa kikidhibiti teminali za zamani. Baada yake huja A au B, ambayo katika x3270 hutofautisha itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kawaida ya TN3270 na ile iliyopanuliwa ya TN3270E, iliyoelezwa katika hati ya RFC 2355 ya mwaka 1998. Itifaki hizi ndizo zinazobeba maandishi ya 3270 juu ya mtandao wa intaneti badala ya waya maalumu.

Kialama cha kutazama kwa makini ni kinachofuata. Kisanduku kilichojaa humaanisha kwamba uko katika kikao na programu ya kazi. Alama ya kuuliza humaanisha kwamba hujafika kwa programu yoyote. Kati ya hizo kuna hali ambayo umefika kwa mfumo unaosimamia vikao lakini bado hujakabidhiwa kwa programu ya kazi, inayoonyeshwa kwa mtu mdogo ndani ya kisanduku au kwa herufi S. Anayelalamika kwamba programu ya kazi haijibu, huku kisanduku chake hakijajaa, hajaifikia programu hiyo, na lawama anaipeleka pasipo mahali pake. Programu nyingi pia huonyesha kufuli pale mazungumzo yanaposimbwa.

Upande wa kulia kabisa kuna mahali kielekezi kilipo, mstari kwanza kisha safu, kama 012/034. Ni taarifa ndogo lakini yenye faida: mtu anayeelekezwa kwa simu anaweza kuambiwa apeleke kielekezi mahali hasa, badala ya kuambiwa «pale chini kidogo».

Dhana zinazopotosha

Dhana ya kwanza ni kwamba Reset husimamisha kazi iliyotumwa. Hapana. Reset haitumi kitu chochote kwa kompyuta kuu. Huifungua kibodi ya upande wako tu. Fomu bado iko kwa karani. Kwa hiyo anayetuma malipo, akaona X SYSTEM, akabonyeza Reset na kutuma tena, anaweza kuwa ameagiza malipo mawili, isipokuwa kama programu ya kazi ina kinga ya kugundua marudio. Hii ndiyo sababu ninasisitiza kwamba mstari huu usomwe kabla ya kugusa kitufe chochote: X ya mtu mdogo ni ya kuondoa mara moja kwa Reset, bali X ya SYSTEM ni ya kusubiri, na ikichelewa kupita kawaida, kuuliza. Katika TSO, mazingira ya kazi ya kompyuta kuu za IBM, Reset ikifuatwa na PA1 hupeleka ombi la kukatiza kazi inayoendelea, lakini hapo kinachokatiza ni PA1.

Dhana ya pili ni kwamba kufunga dirisha hufuta kilichotumwa. Kilichokwisha kupokelewa kinaweza kuendelea hadi mwisho hata kama dirisha halipo, na kikao kilichokatwa ghafla kinaweza kubaki kimeshikilia rekodi au jina la mtumiaji kwa muda, hata aliyefunga akazuiwa kuingia upya.

Dhana ya tatu ni kinyume chake: kwamba pasipo X, kompyuta kuu inafanya kazi na inafaa kusubiri. TSO ikijaza skrini huandika nyota tatu, ***, na kutulia. Wengi husubiri dakika nzima wakidhani kazi ni nzito. Mstari wa hali hauna X, maana yake zamu ni ya mtumiaji, na mfumo ndio unaomsubiri abonyeze Enter ili aonyeshwe zinazofuata.

Kuna pia hatari ya kuandika mbele. Programu nyingi za kuiga teminali hutunza vitufe vinavyobonyezwa wakati kibodi imefungwa, kisha huviachilia X inapoondoka. Kwa mzoefu anayejua skrini ijayo ni ipi, ni msaada mkubwa. Kwa anayebonyeza Enter mara tano kwa hasira, ni Enter tano zitakazoingia katika skrini ambazo hajazisoma.

Pale mashine inaposoma badala ya mtu

Siku hizi kazi nyingi za kujirudia hufanywa na skripti, yaani programu fupi za maagizo, zinazojaza skrini badala ya watu, na hapo mstari wa hali hupata umuhimu mpya. Katika s3270, ndugu wa x3270 asiye na dirisha, kila amri inapokamilika hurudishwa mstari wa hali wenye vipengele 12, kwa mfano:

U F U C(seva) I 4 43 80 5 12 0x0 -

Herufi ya kwanza ndiyo zamu. U ni kibodi iliyo wazi, L ni iliyofungwa ikisubiri kompyuta kuu, na E ni iliyofungwa kwa kosa la mwandishi, utengano uleule wa makundi mawili tuliouona juu. Inayofuata husema kama skrini imegawanywa katika nyuga, na ya tatu kama uga wenye kielekezi uko wazi au umelindwa. Kisha huja seva iliyounganishwa, au N kama hakuna, I kwa hali ya 3270, modeli, idadi ya mistari na safu, mahali pa kielekezi, na mwisho, baada ya kitambulisho cha dirisha, muda ambao amri imechukua. Mahali pa kielekezi huhesabiwa hapa kuanzia sifuri, ilhali katika mstari anaousoma mtu huhesabiwa kuanzia moja. Kwa hiyo 5 12 ya skripti ni 006/013 ya dirishani, na anayenakili nambari kutoka dirishani hadi katika skripti bila kupunguza moja ataandika nafasi moja kulia ya mahali alipokusudia, na mstari mmoja chini.

Programu za kibiashara hutoa huduma hiyohiyo kupitia HLLAPI, njia ambayo programu nyingine huitumia kuendesha programu ya kuiga teminali, ambamo kazi nambari 4 husubiri X ya saa au ya SYSTEM iondoke, na nambari 13 hunakili mstari wote wa hali. Bado skripti nyingi huandikwa kwa kusubiri sekunde kadhaa zilizokisiwa. Makisio hayo hufaa siku ambayo mfumo ni mwepesi na kushindwa siku ya mwisho wa mwezi, pale ambapo miamala ni mingi na kosa ni ghali. Kuangalia kibodi imefunguliwa ni bora zaidi, ingawa hakutoshi peke yake: kuna programu za kazi zinazofungua kibodi, kisha zikatuma kipande kingine cha skrini muda mfupi baadaye. Skripti iliyoandikwa kwa uangalifu husubiri kibodi ifunguliwe, kisha huhakiki kwamba kichwa cha skrini kilichopo ndicho kilichotarajiwa, na hapo ndipo huandika herufi ya kwanza.